Lango la Montesorbo

Ukitaka kumjua Agazio, fundi viatu wetu, lijue lango kwanza. Mji wetu, Montesorbo, umekaa juu ya mwamba, pande tatu ni genge tupu, upande wa nne ni lango moja la mawe. Bahari tunaiona chini kabisa, lakini zamani samaki walitufikia kwa punda, saa tatu za kupanda. Watu wa pwani, wa Marina, tunawaita wanuka-samaki. Wao wanatuita mbuzi.

Kila Septemba tunalifunga lango. Watu wa Marina wanapanda, wanabisha mara tatu, tunawafungulia na kuwapa mkate wa moto. Tunasema hivyo ndivyo babu zetu walivyowapokea siku maharamia walipoichoma Marina, miaka mia nne iliyopita. Ufunguo hukaa katika ukoo wa Agazio, kwa hiyo yeye ndiye aliyeisoma habari hiyo kila mwaka, kifua mbele.

Kisha paa la kanisa likavuja, padri akampa vitabu vya zamani avianike. Katika kitabu cha maziko Agazio akaikuta siku ile ile: watu arobaini na mmoja wa Marina, wengi wao watoto, wamezikwa walipokutwa, nje ya lango.

Aliniambia mimi tu, kinyozi wake na rafiki yake. Nikamjibu kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mzuri hasemi. Naona haya kuandika kwamba nilijiona nina busara.

Akanisikiliza miaka kumi na moja. Aliendelea kusoma, sauti ikipungua kila mwaka, na mkate wa siku ile akaacha kuula.

Mwaka huu aliikunja karatasi ya kusomea akaitia mfukoni. Alifungua lango, akavua kofia.

“Babu zetu hawakufungua,” alisema. “Waliwasikia babu zenu wakibisha, wakanyamaza. Watu wenu arobaini na mmoja walifia hapo mliposimama.”

Diwani wetu akakohoa. Wanawake wenye mikate hawakujua waitue wapi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Bibi Catena, mkongwe wa Marina, aliegemea fimbo yake.

“Tunajua, mwanangu. Kwani unafikiri tunaupanda mlima huu kwa ajili ya mkate? Kila mwaka tunakuja kusikia kama leo mtasema.”

Agazio akalia mbele ya watu wote, mzee wa miaka sabini na mbili, akamwomba radhi kwamba alijua tangu zamani akaendelea kuwasomea uongo. Bibi akamshika bega, akasema yeye angalau amesema.

Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa ndani ya lango.

“Na mwingine aliyejua ni nani?”

Agazio hakunitazama hata kidogo. Nami sikuinua mkono.