Mtoto Niliyemsifu kwa Njaa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msitafute maneno ya kunipamba. Mimi nimesoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, nayaandika yalivyokuwa, na uso wangu unaniwaka.

Mjukuu wangu wa kike, tunayeishi naye hapa Kikwajuni, alifunga zile siku sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kisha akaendelea na Jumatatu na Alkhamisi. Nikafurahi mno. Kila mgeni aliyeingia nilimwambia mbele ya mtoto mwenyewe: "Huyu hajui uroho. Wenziwe wanakimbilia chipsi, yeye na Mola wake." Mtoto akiinamisha kichwa na kutabasamu.

Siku za saumu zikazidi. Magharibi akila tende moja na maji, anasema, "Nshashiba, bibi." Mama yake, binti yangu, akaanza kulalamika.

"Mama, mtoto anakwisha huyu."

"Wewe mwenye kufunga huku unauliza saa kila dakika," nikamjibu, "mwache mwenzio apate thawabu."

Nilimnyamazisha kwa miezi.

Mpaka asubuhi moja mtoto yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, akaanguka. Kanga ikamteleza mabegani, nikaona mifupa. Nikamnyanyua peke yangu, mimi na magoti yangu haya, kama pakacha tupu. Sikuwa nimemgusa kwa muda mrefu. Nilikuwa namsifu tu.

Hospitali tukamkuta daktari binti mdogo. Alinisalimu shikamoo, kisha akaniuliza wazi nani nyumbani anamsifu mtoto kwa kutokula. Binti yangu akatazama sakafu, kwa kunistahi. Nikasema, "Mimi."

Akanieleza taratibu. Kichwani mna kitu kinaitwa dopamini, nacho husaidia kufundisha. Ukifanya jambo likakuletea raha, au sifa, ubongo hushika: hili jema, lirudie. Wengi wetu sahani ya pilau inatosha kutufundisha hivyo. Lakini wapo watoto wenye udhaifu wa kuzaliwa nao, wakishajinyima kwa muda, somo linageuka. Njaa inakuwa ndiyo tuzo, chakula kinakuwa hofu. Wataalamu bado wanalichunguza, alisema, hawajalimaliza.

"Kwa hiyo si ukaidi?" nikauliza.

"Si ukaidi, bibi. Wala si ucha Mungu. Ni maradhi, na yanaua."

"Nimemtia mimi?"

"Hukumtia. Lakini kila ulipomsifu, somo lilizidi kumkaa."

Mtoto alikuwa amelala palepale, anatusikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nikila najiona mchafu. Nikishinda na njaa najiona mtu." Nilivuta buibui nikajifunika uso.

Aliporudi nyumbani tulimlisha uji na samaki wa nazi, kijiko kwa kijiko, kwa machozi yake na yetu. Akaanza kupata damu usoni. Ikaingia Shaabani, Ramadhani ikawa mlangoni. Daktari akakataza saumu, akasema akifunga tu ubongo utarudi kwenye somo lile lile. Mtoto akalia: "Mtaa mzima utafunga, mie nile kama kafiri?"

Binti yangu akashauri tumpikie chumbani, mlango tuufunge, jirani wasisikie harufu. Nilitaka kukubali. Nilikuwa nawaogopa majirani wale wale niliojivuna kwao. Na mimi nna sukari. Kila mwaka nakatazwa kufunga, na kila mwaka nafunga ili watu waseme bibi yule mgumu. Mtoto kayaona hayo tangu mdogo.

Nikawaita wote ukumbini.

"Ramadhani hii jiko litawaka mchana. Sahani mbili, yake na yangu, zitawekwa hapa hapa, na mlango ubaki wazi. Jirani akiuliza, mwambieni humu mna wagonjwa wawili. Na atakayemsifu mtu kwa kukataa chakula, atoke nyumbani kwangu. Haya, nendeni mkaloweke mchele."