Maji ya Tangi la Zamani

Juzi, kwa jirani yangu hapa Kindu, pampu ya kisima ilikuwa ikiwaka kila mara mtu alipofungua bomba. Fundi akagonga tangi la presha kwa kidole, juu hadi chini; kote lilisikika limejaa maji, hakuna hewa.

"Mama, mupira ya ndani imepasuka. Tunabadilisha tangi."

Akashika koki amwage maji uani. Mama, huyo jirani yangu, mjane mwenye umri wa kunizaa, akamzuia mkono.

"Ngoja, mwanangu. Kama ile mupya inakataa, tutakunywa nini?"

"Mbele ya saa sita maji inatoka, Mama."

"Wakati ya vita walituambia siku mbili tu. Tulikaa humu miezi, masasi ya bunduki inalia kule ku muto."

Akaleta mabidoni, madumu yake ya plastiki, kisha sufuria, akayakinga maji. Fundi alingoja, mikono kiunoni, hadi tangi likaishiwa maji.

Kabla ya saa sita, kama alivyosema, tangi jipya lilikuwa limefungwa na bomba likatoa maji kwa nguvu. Mama akanawa uso, akamshukuru, kisha akayafunika mabidoni yote na kuyaingiza chumbani kwake.

"Mama, bado hauniamini?"

"Wewe nakuamini, papa. Vita ndiyo siiamini."

Mimi niliyekuwa nikitabasamu pembeni nilirudi nyumbani, nikajaza mabidoni yangu.