Abee ya Mgeni

Nilichaguliwa kwa sababu napatikana nyumbani. Sifa nyingine sina. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tusiyajadili, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya harusini Mbulu, nikarudi na homa. Mume wangu husema mparachichi wetu una afadhali, upepo ukija unatikisika.

Basi watu wa shirika walipotafuta mtu wa kujitolea kuziangalia familia za Karatu zinazokaribisha wanafunzi kutoka nje, walinikuta kibarazani nachambua maharage, wakadhani ni utulivu. Kazi yenyewe nyepesi: mgeni akiumwa tumbo, anapiga simu, mama mwenyeji akitaka kujua kwa nini mgeni anayatazama makande kama adui, anapiga simu, mimi napatanisha nikiwa nimekaa.

Binti mgeni aliyepangiwa Endabash ndiye aliyeninyanyua kwenye kigoda.

Alitoka Ulaya, mrefu, mpole, na ndani ya miezi michache Kiswahili chake kilishaota lafudhi ya Kiiraqw ya nyumba ile. Wenyeji wake walikuwa mke na mume, wakulima wa mahindi na mbaazi, wenye ng'ombe wachache. Walikuwa na binti mmoja tu, akafariki kwa ugonjwa akiwa kidato cha pili. Huku kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Yule mtoto alipozikwa, nami nikiwepo mazishini, majirani walilikata jina, wakamwachia "Mama" tupu. Walidhani wanamhurumia. Nami nilimwita hivyo hivyo.

Binti alinipigia mchana, akaniamkia vizuri. Nikamuuliza kama ni tumbo. Akasema hapana, ni jina. Kila jioni ng'ombe wakirudi, mama yake wa pale husimama mlangoni pa zizi na kumwita yule marehemu, kama alivyokuwa akimwita aje kushika ndama. Mwanzoni mgeni alikaa kimya. Siku moja mama aliita, akaita tena, sauti ikaanza kupasuka, na mtoto wa watu akashindwa kuvumilia, akaitika abee kama alivyofundishwa. Tangu hapo ndiye anayeitika. Na tangu hapo jina lake mwenyewe halijatajwa pale nyumbani.

"Mama," akaniuliza, "nikisema abee, anayeitika ni nani?"

Mimi huwa nina utani wa akiba kwa kila jambo. Siku hiyo nilimwambia tu asubiri, nitampigia.

Kabla sijapoa akapiga baba mwenyeji. Alitaka binti ahamishiwe nyumba nyingine upesi. "Aliyekufa haitikiwi, mama," akasema. "Akizoea kuitikiwa, hataenda kupumzika." Nilijua mkewe akinyang'anywa mgeni atakuwa amezika mara ya pili. Nilijua pia kwamba mtoto hawezi kuachwa akae ndani ya jina la maiti.

Nikapanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha aliniuliza mara mbili kama ni lazima nifumbe macho.

Mama alinipokea uani akiwa na ndoo ya maziwa mkononi. "Leo jiwe limetembea," akasema, tukacheka, kicheko kikaisha haraka. Alileta chai, akajua nimefuata nini kabla sijaonja. Nilianza kuzungukazunguka, nikataja utaratibu, nikataja ustawi wa mwanafunzi, maneno niliyopewa kwenye semina. Mume wake alikuwa anatazama mbaazi. Binti alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na jiko, magoti yamefika kidevuni.

Mama akanikatiza bila ukali.

"Nikiacha kuliita, ataliita nani? Baba yake halitaji. Watu wa jumuiya ya kanisa wanakuja kusali hapa, hawalitaji. Ninyi mlimzika yeye, jina mkalifukia juu yake."

Chai yangu ilifanya utando.

Ni binti aliyesema, polepole, akichagua kila neno. Alisema hataki kuhama. Kisha akamgeukia mama yake. "Liite, mama. Mimi sitaliitikia. Halafu uniite na mimi."

Mama alimtazama. Nilidhani atakasirika, uso wake ulikuwa wa mtu anayeombwa arudishe kitu alichokiokota.

Ng'ombe walikuja wakisukumana, vumbi jekundu likiwatangulia. Mama akaenda mlangoni pa zizi, akashika mti wa mlango, akaita jina la mwanawe. Sikuwa nimelisikia likiitwa kwa sauti tangu siku ya mazishi. Lilivuka ua, likaingia kwenye mahindi. Baba alivua kofia. Binti aliuma kanga aliyojitanda. Na mimi, mke wa mtu, mtu mzima, niliusikia ulimi wangu ukijiinua kutaka kuitika, kwa sababu kimya kile kilikuwa kinaomba, nikaubana kwa meno.

Hakuitika mtu. Kwenye mahindi kuna kitu kilichakarisha majani, nasi sote wanne tuligeuka, hata baba.

Kisha mama akaita jina la pili, la kigeni, akilipinda kidogo mwishoni.

"Abee, mama."

Binti alinyanyuka kwenda kushika ndama. Mama alikuwa bado anaangalia mahindi.