Injinia Alivyosafisha Simu ya Mama

Mume wangu anauza viatu. Kazi hiyo anaiweza: akikutazama miguu tu, anakutajia namba yako. Angeishia kwenye miguu ya watu, nyumba yetu ingekuwa na amani. Lakini siku moja simu ya kaka yangu iligoma, yeye akaizima, akaiwasha, ikapona. Ukoo mzima ukamvisha kilemba cha ukoka, ukamwita Injinia, naye hajakivua mpaka leo.

Tangu hapo hakuna kifaa kilichosalimika. Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa nzito tu, kama mtu aliyeshiba. Akaifungua eti aone tatizo. Alipoifunga, skrubu kadhaa zikabaki mezani.

"Hizi ni za akiba," akasema bila haya.

Sasa kompyuta iko sebuleni ubavu wazi, na feni pekee tuliyo nayo inaipuliza hiyo kompyuta. Sisi tunatoka jasho. Ikizimika katikati ya kazi, anasema tunabonyeza kwa hasira. Na ana tabia moja inayonichefua: mashine ikimuuliza swali lolote, yeye hubonyeza "ndiyo". Hasomi. Kusoma, kwake, ni kazi ya wasiojua.

Mama yangu anafundisha kwaya ya akina mama. Noti za muziki hazijui. Wimbo humjia akiosha vyombo, naye huikimbilia simu kabla haujampotea, akauimbia humo kipande kipande huku povu la sabuni linamchuruzika mikononi. Wimbo wa harusi ya mdogo wangu, kitinda mimba wake, aliutunga hivyo hivyo. Alikuwa hajamfundisha mtu. Mimi alinisikilizisha mstari wa kwanza tu, mengine akasema nitayasikia na wenzangu kwaya ikianza mazoezi.

Wiki ile ya harusi akaja kwetu kunisaidia kushona sare, na simu yake ikakwama mbele ya Injinia.

"Mama, nipe niisafishe," akasema, mkono ameshaunyoosha.

Mama ni mtu wa adabu. Mkwe wake hamwambii hapana. Hata akipikiwa naye mboga iliyozidi chumvi, husema imekolea.

"Labda tuiache kwanza, baba. Nina nyimbo zangu humo."

"Nyimbo hazitaguswa, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Kazi yake, na huku kucha zake zina rangi ya viatu! Nikamwambia tuipeleke kwa fundi.

"Fundi gani tena?" akanicheka.

Simu ikamuuliza kama ana hakika. Ndiyo. Ikamuuliza tena, maana hata simu ilikuwa na huruma kuliko yeye. Ndiyo. Akaiweka mezani, akaagiza chai. Ilipowaka ilikuwa tupu, kama imetoka dukani asubuhi ile. Mama akaipekua taratibu, akarudi mwanzo, akaipekua tena.

"Asante, baba," akasema. "Imekuwa nyepesi."

Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba. Nikamsikia akiimba mstari wa kwanza, akanyamaza. Akauanza tena, akanyamaza pale pale.

"Si katunga mwenyewe?" Injinia akaniuliza, anapuliza chai yake. "Atakumbuka tu."

Nilimchukia mume wangu siku ile, na sioni sababu ya kulisema jambo hilo kwa lugha laini.

Siku ya harusi Mama alisimama na kwaya yake. Akaimba mstari ule mmoja, akina mama wakauitikia. Akaurudia, wakauitikia. Wageni walidhani ndivyo ulivyotungwa. Bibi harusi alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa hasira. Injinia naye akajipenyeza mpaka mbele, simu juu, arekodi kumbukumbu ya mama. Simu ikagoma. Nafasi imejaa.

"Futa basi picha chache," nikamnong'oneza. Picha zenyewe ni yeye amevaa miwani, yeye ameivua, yeye yuko kwenye kioo cha duka.

"Sifuti kitu mimi! Humu mna vitu vyangu."

Alilisema kwa sauti, na wimbo ulikuwa umekwisha. Mama alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu. Akatusogelea, uso wake mpole kama siku zote, akanyoosha mkono.

"Nipe, baba, niisafishe."

Injinia alicheka, akacheka peke yake. Mkono wa Mama haukushuka. Akina mama wa kwaya wakamgeukia Injinia. Yeye akautazama mkono ule, akanitazama mimi nimsaidie, nikaangalia pembeni.

Safari hii hakusema ndiyo. Aliitia simu yake kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.