Siku Niliyompeleka Mama Kuona Zabibu

Mama alipokuja kukaa nasi Houston, mtaa wa Sharpstown, kazi yake kubwa ilikuwa kuchungulia dirishani. Chini palikuwa na maegesho ya magari, na ng'ambo ya barabara maegesho mengine. "Hivi nchi hii ina udongo kweli?" aliniuliza siku moja. Karatasi zake za kuishi Marekani nilikuwa nimeshazikamilisha, na nilitaka abaki, nimtunze mwenyewe. Yeye alitaka kurudi Unguja. Hakugombana nami. Mama yangu akinyamaza, ujue ameshaamua. Lakini ubishi nimeurithi kwake, nami sikuwa tayari kushindwa.

Basi tulipokwenda Fort Worth arusini, nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha kwamba Texas si lami tupu. Shoga yangu mmoja, Mtanzania anayefanya kazi hospitali kule, ndiye aliyenipa wazo. "Mpeleke kwenye shamba la zabibu la wale Wafaransa, dada. Ni la zamani mno, mume na mke wamelinunua na wanaishi hapo hapo. Una-drive kidogo tu, na mama ata-enjoy."

"Ndiko wanakotengeneza ulevi?" akauliza mama.

"Ndiko. Lakini tunakwenda kutazama tu."

"Haya. Macho hayalewi."

Asubuhi nikamkuta mlangoni, buibui lake limenyooka, mkononi sahani ya vileja iliyofunikwa kitambaa.

"Mama, hatukualikwa! Tunalipa kiingilio, tunatembezwa, tunaondoka."

"Niende nyumbani kwa watu mikono mitupu? Mimi?"

Tulipofika nilisahau hata kununa. Nilitoka mji ambao jengo likizeeka kidogo tu linabomolewa. Hapa palikuwa na nyumba ya mawe, kuta nene, ngazi zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwisha kufa zamani. Nyuma yake mizabibu imepangwa safu kwa safu, ikishuka bonde na kupanda tena upande wa pili hadi macho yanachoka. Mama alisimama akasema, "Subhanallah."

Wageni wengine walipanga foleni ya tiketi. Mama akawapita wote, akaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja mwenye mvi aliyekuwa mlangoni, akampa salamu ndefu ya Kiswahili na sahani juu yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi yule akafunua kitambaa, akanusa iliki, akala kileja kimoja pale pale amesimama. Halafu akamwita mumewe kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa. Ndiye mwenye shamba! Tiketi hatukuulizwa tena.

Wakatutembeza wenyewe. Walitushusha kwenye ghala la chini ya ardhi, lililochimbwa kwa mikono na watu wa kwanza wa shamba lile. Baridi ilitupokea, na harufu ya mbao mbichi na matunda yaliyolala. Mapipa yalikuwa marefu kuliko mama. Mzee alisema mengine hayatafunguliwa yeye akiwa hai. Miaka yote niliyofanya kazi Marekani sijaona watu wakisubiri kitu kiasi hicho. Nilisisimka mwili mzima, mimi nisiyeonja hata tone.

Tulipotoka juani, mzee alipiga magoti kwenye mzabibu mmoja, akafukua udongo kwa vidole. Chini ya shina palikuwa na kinundu. Akaeleza kwamba chini ya kinundu ni mzizi wa Texas, juu yake ni mzabibu wa kwao. Zamani wadudu wa mizizi waliua mizabibu ya Ufaransa, na mizizi ya Texas ndiyo iliyoiokoa.

Moyo wangu uliruka. Nikatafsiri kwa kutia chumvi. "Unaona, mama? Wa kwao, umepandikizwa kwenye mzizi wa hapa, na umeshika! Hata mtu ni hivyo hivyo."

Mama akainama, akakipapasa kile kinundu taratibu.

"Muulize, alipoupandikiza ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mzee akaonyesha kidole chake kidogo. Kijiti tu.

Mama akageuka, akaelekeza mkono kwenye mzabibu mkongwe karibu na nyumba, shina lake nene limejipinda ukutani. "Na ule je? Ukiuhamisha?"

Mzee akautazama, akatikisa kichwa, akajibu kwa maneno machache. Kisha wote watatu wakanigeukia, maana mama hakujua Kiingereza na hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Amesema utakufa, mama," nikasema. Machozi yalikuwa yameshanilenga.

Mama akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, mbele ya wenyeji wetu, kama mtoto.

"Basi nirudishe, mwanangu."

Nikamwambia nitamrudisha.