Mgongo uligoma tukiwa ghorofani, mwenzangu yuko mbele na nondo begani

Wakuu, heshima kwenu. Nawaandikia kutoka Kigali, na sitaongeza chumvi, maana yaliyonikuta yanatosha.

Mimi ni Mtanzania, fundi wa nondo. Tulikuwa tunajenga ghorofa mtaa wa Busanza, na mwenzangu ni Innocent, Mnyarwanda mmoja mwenye maneno mengi balaa.

Kazi yetu ilikuwa kupandisha nondo begani, wawili wawili, kwenye njia ya mbao isiyo na kingo. Usalama? Acheni tu.

Pale saiti wa nyuma ndiye anayehesabu hatua kwa Kinyarwanda, "rimwe, kabiri", ili mwende sawa. Akinyamaza, wa mbele anasimama hapo hapo.

Wa nyuma nilikuwa mimi.

Mgongo ulikuwa unanisumbua muda mrefu. Asubuhi niko fresh, mchana ukipita kiuno kinawaka moto. Nikawa najiambia ni uchovu, fundi gani haumwi mgongo?

Basi alasiri moja, tunakaribia ghorofa ya tatu, misuli ya mgongo ikaachia.

Wakuu, niliogopa kuliko siku yoyote. Nikidondosha upande wangu, nondo zinamvuta Innocent mpaka chini, na chini ni mawe matupu. Kutua siwezi, kusonga siwezi. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Nikamfikiria mke wake, maana nimeshakula kwake mara nyingi.

Hesabu ikakatika. Innocent akasimama.

"Iko nini?"

Nikazing'ang'ania nondo kwa mikono miwili. Akaelewa.

"Buhoro, muvandimwe, pole pole ndugu. Usiachie. Naita watu."

Akaita. Jamaa wawili wakapanda mbio, wakanipokea mzigo. Nilishuka nimeinama, nalia, na sioni aibu kulisema.

Hospitali nilishajiandaa kuambiwa sitatembea tena. Dada wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, aliyekulia Bukoba, akanilaza kifudifudi, kifua kikining'inia nje ya kitanda, akasema nijishikilie nikiwa nimenyooka. Mimi ninayebeba mifuko ya saruji! Nilitetemeka nikaanguka hata dakika moja haijaisha.

"Mfupa ni mzima, kaka. Nguvu ya kunyanyua unayo. Misuli ya mgongo ndiyo haidumu, inachoka mapema na wewe unazidi kuibebesha."

Akanipa mazoezi. Nafanya, ila mpaka leo nikiona njia ya mbao nasimama kwanza.

Innocent alikuja kunijulia hali Gikondo ninapokaa. Nikamwomba msamaha kwamba nusura nimuue. Akanikatiza.

"Wewe usiombe samahani. Mgongo yangu iliisha tangu chini. Nilikuwa naogopa kusema. Nasikia wewe unahesabu tu, naomba Mungu unyamaze."

Nikamwonyesha yale mazoezi ya dada wa physio.

Nilichojifunza: mgongo ukianza kuwaka, tua mzigo na useme, kabla mwili haujakusemea.

Nyie mnaobeba na wenzenu, mmewahi kuwauliza migongo yao ikoje? Karibuni mseme.