Kijiji cha Niveau ya Pili

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, wakati vita vya kwetu Kongo vilikuwa bado vinawaka, hata leo tukikutana Lilongwe tunajuana upesi. Mmoja akitaja vumbi jekundu lililogoma kutoka kwenye visigino, mwingine anataja foleni ya mjigo, ile pampu ya maji iliyolia kama punda, na hapo kicheko kinaanza. Nakumbuka harufu ya turubai lililopigwa na jua la mchana. Nakumbuka maharagwe ya mgao yaliyokataa kuiva, na mama akiwageuzageuza usipa sokoni, wale samaki wadogo wa Malawi, akisema, "Hii ni ndugu ya ndagala yetu, lakini ya mama ingine." Alisema hivyo kila alipowanunua, na kila mara tulicheka kama ni mara ya kwanza.

Mpira wa mifuko ya plastiki tulicheza, magari ya waya tuliendesha, lakini mchezo uliotushika kuliko yote tuliuita Cité, yaani mji. Aliuleta Byamungu, mtoto wa Bukavu. Kaka yake alikuwa amesoma shule ya bweni, na huko alijifunza mchezo wa mashujaa na mazimwi unaochezwa kwa mdomo na dadu. Byamungu aliukumbuka nusu, nusu nyingine akaitunga. Dadu aliichonga kutoka kwenye kisigino cha ndala iliyokatika, kwa hiyo ilirukaruka kama chura kabla ya kutulia. Kila mmoja wetu alikuwa na shujaa. Wangu alikuwa mwindaji aliyeitwa Mukali, na mimi niliyeogopa hata kuomba chumvi kwa jirani, nikiwa Mukali sikumwogopa mtu.

Kila shujaa alikuwa na mji wake, na mji huo ulikuwa kule kule alikotoka mwenye shujaa. Tuliuchora chini kwa kijiti, nyuma ya kanisa, tukaweka punje ya hindi kwa kila nyumba. Byamungu alihesabu punje, akauliza habari za maji, soko na walinzi, kisha akatangaza niveau, yaani daraja la mji. Mji wa niveau ya kwanza ulikupa chumvi na mahali pa kulala, basi. Wa pili ulikuwa na mhunzi wa kunoa mkuki. Wa tatu ulikuwa na mganga wa kuponya vidonda. Bukavu ilikuwa niveau ya saba, kwa kuwa aliyegawa alikuwa wa Bukavu. Siku moja kuku wa jirani akapita akadonoa mtaa mzima wa Bukavu, na tangu hapo tukaacha mahindi, tukatumia vijiwe.

Kijiji chetu, upande wa Fizi, kilipewa niveau ya pili. Niliona haya kana kwamba nimevuliwa shati. Bahati, aliyetoka karibu na Uvira, alidai kwao kulikuwa na uwanja wa ndege na mashua za serikali, na uongo wake ndio uliozaa sheria mpya: anayetaka mji wake upande, alete mtu mzima wa kwao athibitishe.

Kisha Mukali akaumwa na zimwi. Hapakuwa na dawa ila kwa mganga, na mganga alikuwa niveau ya tatu, nyumba thelathini. Nikasema kwetu zinapita thelathini.

"Lete mukubwa aseme," Bahati akanijibu. "Ao Mukali wako atakufa na kidonda, na we utakuwa unaokota dadu tu."

Mkubwa niliyekuwa naye ni baba. Kule kijijini alikuwa kapita, mtu wa kugawa mashamba na kuamua ugomvi. Dzaleka alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, amevaa koti la msaada lililomfika magotini, koti la kike, vifungo upande mwingine. Watoto walimwita Papa Koti. Nilichelewa kumwita mpaka Bahati akaanza kumchimbia Mukali kaburi kwa kijiti.

Baba aliposikia ninachotaka, alisimama upesi, akafunga vifungo vyote. Tangu tufike hakuna aliyekuwa amemwuliza jambo. Alichuchumaa kwenye vumbi kati ya watoto, akafuta mto tuliouchora kwa kiganja na kuuchora upya mahali pake.

"Tuanzie ku maji," akasema, na kuweka kijiwe. "Hapa njo kwa mzee wa nyuki. Hapa kwa bibi yake mudogo, ule wa pili, hawasemezane. Hapa kwa katekista."

"Papa, sema tu namba," Byamungu akasema.

"Namba njo ninatafuta."

Wakacheka. Nilimvuta baba mkono wa koti ili afanye haraka, naye akaendelea, nyumba kwa nyumba, na mbwa wa kila nyumba. Alipofika kwa shangazi yangu, dada yake, alitafuta kijiwe cheupe, kwa sababu shangazi alipaka kuta zake udongo mweupe. Huko ndiko alikokuwa Asukulu, binamu yangu wa rika moja nami. Baba alikuwa ametuambia kwamba shangazi na Asukulu walivuka ziwa, wako Kigoma. Nilikuwa nimemtengenezea Asukulu gari la waya, nikalificha chini ya mkeka nikingoja.

Vijiwe vikafika thelathini na vinne. Byamungu akatangaza niveau ya tatu, nami nikamtazama Bahati. Lakini kulikuwa na sheria nyingine: mji ukipanda, unarusha dadu, maana wezi hufuata mali. Ikitoka moja, mji umevamiwa, na nusu ya nyumba zinaondolewa. Kwa heshima, baba akapewa dadu arushe. Ikaruka, ikaruka, ikatulia kwenye moja.

Byamungu akapitisha mkono na kufagia nusu ya kijiji.

"Ngojea kwanza, mutoto," baba akasema. "We unaondosha hata benye hawakukuwa pale siku ile."

Akaanza kurudisha vijiwe kimoja kimoja. "Uyu alikuwa ku shamba. Uyu alienda Uvira kuuza mihogo. Uyu alikimbia na mbuzi yake, tulimuona ku njia."

"Papa, sheria inasema nusu."

"Sheria ya nani?"

Byamungu akaondoa mkono. Watoto waliacha kucheka. Mimi nilitazama vifungo vya lile koti la kike nikaomba amalize. Alipoacha kurudisha, vilivyosimama chini vilikuwa ishirini na tisa. Kile cheupe kilikuwa bado nje.

Nilielewa. Mtoto wa miaka tisa anaelewa. Na bado mdomo wangu ukasema, "Papa, rudisha na ya shangazi. Inabakia moja tu."

"Ile hairudi."

"Weka tu, Papa. Banatucheka."

Alinitazama, akaokota kijiwe cheupe, akakitia mfukoni, akarudi kwenye kiti chake. Mukali alikufa siku hiyo. Gari la waya nilimpa Bahati kesho yake, bila kumwambia kwa nini.

Siku hizi naishi Nsungwi, hapa Lilongwe, na nashona nguo kwenye kibaraza cha duka mtaa wa Area 47. Watoto wa dada yangu wanajenga miji kwenye simu. Vumbi hawalijui, na taabu yao kubwa duniani ni chaji. Mji wao ukivamiwa wananuna kidogo, wanabonyeza, unaanza upya na niveau yake yote. Nawatania kwamba sisi dadu tuliichonga kutoka kwenye ndala, nao hawaamini.

Juzi mdogo wao akaniuliza, "Anko, kwenu kulikuwa manyumba ngapi?"

"Thelathini na nne," nikajibu bila kufikiri.

"Za nani?"

Nikataja ya mzee wa nyuki, ya bibi yake mdogo, ya katekista, ya shangazi. Nikakwama hapo. Baba alizitaja zote mbele yangu, na mimi nilikuwa nahesabu.

Kila mwisho wa mwezi nampelekea baba sukari Dzaleka. Njiani najiambia, leo nitamwomba aanzie tena ku maji. Nikifika tunaongea mvua, bei ya unga na mguu wake, kisha basi la kurudi linapiga honi. Zamani hatukuwa na simu wala ndala nzima, lakini mtu wa kuzitaja nyumba zile alikuwa mlangoni mchana kutwa na kumbukumbu zake zote, nami nikamwonea haya. Sasa ninaona haya kuomba, na yeye ameanza kusahau. Mwezi uliopita aliniita Asukulu. Niliitika.